Virginia kwenye kiko: inapounguza ulimi, inapokosa ladha, na matatizo mengine yanayorudi kila mara

Malalamiko kuhusu Virginia yanafanana. Mtu amesikia sifa zake, asali, nyasi kavu, mkate uliotoka tanurini. Amefungua kopo, amejaza kiko, na alichopata ni mvuke wa moto mdomoni na ulimi unaowaka mpaka kesho yake. Wa pili anasema hakuonja chochote, moshi mtupu. Wa tatu kiko chake kinatokota kama birika. Wote wanafikia uamuzi mmoja: Virginia si tumbaku yangu.

Naipenda tumbaku hii, na huniuma kuona inaachwa kwa kosa lisilo lake. Katika karibu kila tatizo hapa chini, wa kushukiwa kwanza ni maji yaliyobaki kwenye jani, au moto uliozidi kwa sababu ya kuvuta haraka. Mara nyingi wawili hao wanakuja pamoja. Kabla ya kubadili tumbaku au kutafuta kiko kingine, malizana nao.

Neno la tahadhari, nalo si la kupamba. Maelezo haya ni ya mtu mzima ambaye tayari anavuta kiko. Kutoingiza moshi mapafuni hakukifanyi kiko kuwa salama. Saratani ya mdomo, ya koo, ya umio na hata ya mapafu huwapata wavuta kiko pia, na nikotini yake inashika kama nikotini nyingine yoyote. Asiyevuta asianze.

Nitatumia maneno machache ya kiko. Bori ni kile kibakuli cha kutilia tumbaku. Digali ni shina linalopitisha moshi kutoka kwenye bori kwenda mdomoni. Fleki ni vipande bapa vilivyokatwa kutoka kwenye tumbaku iliyoshindiliwa ikawa tofali. Ukoko ni tabaka la mkaa linalojijenga ndani ya bori, kama ule wa chungu cha wali.

Kwa nini jani hili lina tabia zake

Virginia ni jina la aina ya jani pamoja na namna linavyokaushwa. Leo linalimwa Marekani, Brazili, Zimbabwe, Tanzania na kwingineko, na wakulima wa Kiswahili huiita tumbaku ya mvuke. Majani hutundikwa ndani ya bani, yaani jengo la kukaushia tumbaku, na joto huingizwa bila moshi kuyagusa. Huanza kwenye nyuzi 35 hivi za Selsiasi, likapandishwa polepole hadi karibu nyuzi 70, na kazi huisha ndani ya wiki moja hivi. Haraka hiyo ndiyo inayoleta utamu. Jani linapogeuka manjano, wanga wake unakuwa sukari, kisha joto linalikausha kabla halijapata muda wa kuitumia sukari hiyo. Burley, aina nyingine ya tumbaku, ambayo huachwa ikauke kwa hewa kwa wiki nyingi, huimaliza karibu yote.

Inasimuliwa kwamba rangi ya manjano inayong'aa ilipatikana mwaka 1839, katika kaunti ya Caswell, North Carolina. Stephen, kijana aliyekuwa mtumwa kwenye shamba la Abisha Slade, aliona moto wa bani unakaribia kuzimika akautilia mkaa. Joto likapanda ghafla, na majani yakatoka na rangi ambayo haikuzoeleka. Wavutaji wengi wanalijua jina la Virginia bila kulijua la Stephen, na naona vyema litajwe.

Sukari hiyo ndiyo inayoleta raha, na ndiyo inayoleta taabu. Moshi wake una asidi zaidi ya ule wa burley, na jani likivutwa kwa pupa joto hupanda upesi sana.

Dalili: ulimi unaungua

Hili ndilo lalamiko namba moja, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo. Kwanza tofautisha mambo mawili. Kuna kuungua kwa joto: ulimi wote, hasa ncha, unakuwa kama umekunywa chai kabla haijapoa. Na kuna kuwashwa: ulimi unachonyota, kaakaa linakauka, lakini bori halikuwa la moto mkononi. La kwanza linatokea zaidi sana kuliko la pili.

Chanzo kinachoongoza ni *tumbaku yenye maji mengi*. Makopo mengi hutoka kiwandani na unyevu kuliko unaofaa kuvutwa, kwa sababu tumbaku hukaa na kuiva vizuri zaidi ikiwa na unyevu. Ukiiwasha hivyo, unavuta pia mvuke wa maji, na mvuke hubeba joto mpaka kwenye ulimi kuliko moshi mkavu. Tena tumbaku mbichi haishiki moto, unalazimika kuvuta kwa nguvu isizime, na kuvuta kwa nguvu kunaongeza joto. Hapo maji na moto vimeshikana mikono.

Kipimo hakihitaji chombo. Chukua fleki moja, ile ya kahawia yenye mistari ya manjano ubavuni. Ilaze kiganjani, ikunje mara moja, kisha isugue kwa kuzungusha kiganja cha pili juu yake mpaka iachane kuwa nyuzi. Ikibaki mabongemabonge, ikagandamana na ngozi, ina maji. Sasa bana nyuzi chache kati ya kidole gumba na cha shahada, hesabu mpaka tatu, kisha achia. Zikikaa vilevile kama kidonge, bado. Zikivunjika na kuacha vumbi, umepitiliza. Zikifunguka taratibu zenyewe, kama mtu anayejinyoosha asubuhi, ziko tayari. Wanaopima kwa asilimia huzungumzia unyevu wa 12 hadi 14 hivi, lakini vidole vinatosha.

Ikiwa bado mbichi, itandaze kwenye karatasi nyeupe. Nyuzi nyembamba zinaweza kuwa tayari kwa dakika ishirini, na fleki nene iliyofikichwa nusunusu ikahitaji saa mbili au zaidi, kutegemea hewa ya chumba. Usiianike juani wala kuiweka kwenye joto la jiko, maana harufu yake nyepesi ndiyo inayotoroka kwanza.

Kopo langu la kwanza la Virginia nililiweka kando kwa miezi mingi, nikiamini nimeuziwa tumbaku mbovu. Siku moja niliacha fleki mbili mezani usiku kucha kwa kusahau. Asubuhi nikaona ni hasara kuzitupa, nikazivuta. Ilikuwa tumbaku ileile na kiko kilekile, na kwa mara ya kwanza nikaonja mkate.

Chanzo cha pili ni *mwendo*. Aliyezoea sigara huvuta kiko kama sigara. Virginia inataka mvuto mdogo, kama unayeonja chai kuona imekolea sukari, kisha unaacha. Moshi ukionekana mwembamba, karibu haupo, ndivyo inavyotakiwa. Jaribu hivi: bandika bori shavuni. Kama huwezi kuliacha hapo kwa sekunde chache, liweke chini, kisha uwashe tena baadaye. Kuzimika si aibu.

Cha tatu ni *ujazaji uliobana*. Kabla ya kuwasha, vuta hewa tupu. Ikiwa ni kama kunyonya kupitia mrija uliozibwa kidole, toa yote uanze upya, usijaribu kuchokoa juu. Ujazaji wa zamani una tabaka tatu: la chini lidondoke lenyewe, la katikati liguswe kidogo, la juu lishindiliwe kiasi. Ukikandamiza chini, hakuna utakachorekebisha juu.

Cha nne ni *kuwasha kwa moto mkali*. Kiberiti cha gesi chenye mwali unaovuma kama tochi huunguza sukari ya juu kabla hujaionja, na kinaweza kula ukingo wa bori. Tumia njiti, acha kwanza baruti ya kichwani iishe, kisha uzungushe mwali juu ya tumbaku huku ukivuta kidogo. Tumbaku itainuka. Ibonyeze polepole kwa kishindilio, halafu washa mara ya pili. Huo ndio moto wa kuvutia.

Cha mwisho, na kisitajwe kabla ya hivyo vinne, ni *mdomo usiopatana na moshi huu*. Wapo watu ambao hata wakikausha na kuvuta polepole bado wanachonyota. Kwao mchanganyiko husaidia kuliko Virginia tupu. Kiasi kidogo cha burley hupunguza makali. Perique nayo, tumbaku ya St. James Parish huko Louisiana inayochachushwa ndani ya mapipa kwa kugandamizwa katika maji yake yenyewe, huongeza pilipili kidogo na ladha ya matunda yaliyokaushwa. Wengi wanasema huituliza Virginia, ingawa kwa wachache ndiyo inayowachoma zaidi. Jaribu kidogo kwanza.

*Simama hapa:* ulimi ulioungua leo usivutie kesho. Upumzishe mpaka upone kabisa. Ukiuvutia ukiwa na kidonda hutaonja chochote, na utashindwa kujua kidonda ni cha joto au cha kitu kingine. Nitalirudia hili mwishoni.

Dalili: hakuna ladha, moshi mtupu

Ukitoka kwenye tumbaku zilizotiwa vanila au cheri, utaiona Virginia kimya. Zile zinanukia chumba kizima. Hii inazungumza kwa sauti ya chini, na ni rahisi kuizima bila kukusudia.

Angalia mwendo tena. Ladha nyepesi za Virginia zinapotea moto ukizidi, kinabaki ladha ya karatasi iliyoungua. Njia ya haraka ya kuhakikisha: acha kiko kizime kabisa, subiri dakika tano, washa kwa njiti moja, uvute mivuto mitatu midogo. Utamu ukirudi kwenye mivuto hiyo kisha ukapotea, tatizo ni mwendo wako na tumbaku haina neno.

Kisha angalia pua. Ulimi wenyewe unajua chumvi, utamu, uchachu, uchungu na ladha ile ya mchuzi wa nyama, basi. Nyasi, limau, tende, vyote hivyo ni kazi ya pua. Mtu anayetoa moshi wote kwa mdomo anakosa sehemu kubwa ya alichokifuata. Toa mwingi kwa mdomo kwanza, ule uliobaki kidogo usukume taratibu upitie puani, kama unayepumua. Moshi usishuke mapafuni. Mara ya kwanza utawasha, ya tatu au ya nne utaanza kusema. Ukichoma kama pilipili, moshi bado ni wa moto mno au ni mwingi mno.

Sababu nyingine za kawaida:

- Tumbaku imekauka kupita kiasi. Inawaka upesi kama makaratasi na ladha imekonda. Weka tumbaku kwenye bakuli, funika kwa kitambaa kilicholoweshwa kikakamuliwa, kisiguse tumbaku, ukague kila baada ya saa moja. Usitumbukize kipande cha tunda wala kiazi, huo ni mwaliko wa ukungu.
- Umetoka kula kitu chenye viungo vikali, au umepiga mswaki sasa hivi. Kunywa maji, subiri.
- Umevuta kiko cha tatu au cha nne siku hiyo. Kaakaa limechoka, na hakuna tumbaku itakayoliamsha. Hiyo pia ni alama kwamba nikotini imekuwa nyingi.
- Kiko kina harufu ya tumbaku nyingine. Hili lina sehemu yake hapa chini.

Wakati mwingine shida ni kutojua unatafuta nini. Rangi ya jani inasaidia. Virginia ya manjano mbivu huelekea nyasi kavu na maganda ya limau, na ndiyo kali zaidi kwa ulimi. Ya rangi ya chungwa huelekea mkate mtamu. Nyekundu ina uzito, ina matunda yaliyokaushwa. Nyeusi, iliyopikwa au kugandamizwa kwa joto, huleta zabibu kavu na sukari iliyoungua, nayo huwa pole zaidi kwa ulimi. Anayeungua na ile ya manjano asiikate Virginia yote kabla hajajaribu nyekundu au nyeusi.

Umri nao una sehemu yake. Ikifungwa vizuri kwenye kopo au chupa ya kioo, Virginia inaendelea kuchachuka polepole, ukali unapungua na ladha zinaungana. Tofauti huanza kuonekana baada ya mwaka mmoja hivi, na wengi wanaona miaka mitano ndiyo utamu wenyewe. Tumbaku changa isiyokufurahisha leo ifunge, iandike tarehe, iweke gizani. Burley haibadiliki kiasi hicho, na sababu ni ileile sukari.

Kwa kuonja kwa haki mimi natumia kiko cha gunzi kisafi. Gunzi halina historia ya tumbaku nyingine na halidai kuzoeshwa. Viko vya udongo navyo ni vya kweli, ila vinapata moto sana mkononi. Jaza kidogo, vuta saa ileile kwa siku tatu tofauti, andika mistari miwili kila siku kabla ya kusoma maoni ya mtu mwingine. Bori moja halitoshi kuihukumu tumbaku.

*Mwone daktari* kama siyo tumbaku tu isiyo na ladha. Chakula nacho kikiwa kimepoteza harufu kwa wiki kadhaa, bila mafua yanayoeleweka, hilo si suala la kiko.

Dalili: malio

Wazee wa kiko cha maji waliita malio ule mlio wa maji yanayotokota. Kwenye kiko kikavu hatuutaki. Maana yake unyevu umejikusanya chini ya bori au ndani ya digali, na mvuto unaofuata unaweza kukuletea tone chungu mdomoni.

Sababu ya kwanza ni tumbaku mbichi, ya pili kuvuta haraka, ya tatu mate. Mwenye tatizo la mate ashike kiko kwa mkono badala ya kukining'iniza menoni. Kukirekebisha wakati huohuo, pitisha waya wenye manyoya ya pamba kutoka mdomo wa kiko mpaka chini ya bori, uache sekunde chache unyonye, uchomoe. *Usiutenganishe mdomo wa kiko na digali kikiwa cha moto.* Mti umetanuka, kiungo kinaweza kuvunjika au kulegea moja kwa moja.

Ukiwa umekausha tumbaku, unavuta taratibu, na malio hayaishi kwenye kiko kimoja tu, kosa linaweza kuwa la utengenezaji: tundu la moshi halikutokea chini kabisa ya bori, au kuna pengo kwenye kiungo linalokusanya maji. Waya ukikwama mahali palepale kila mara, ndipo penyewe. Usijitie kutoboa kwa keekee. Mpelekee fundi wa viko.

Dalili: inazimika kila baada ya dakika mbili

Mara tatu au nne kwa bori moja ni kawaida, hasa kwa fleki. Zaidi ya hapo, kausha zaidi. Kama tayari ni kavu, ama umebana sana, ama jivu limekaa huru juu na moto umekosa pa kushika. Bonyeza jivu kwa uzito wa kishindilio chenyewe, bila nguvu ya mkono. Fleki iliyokunjwa na kutumbukizwa nzima ni ngumu kwa anayeanza. Ifikiche yote kwa wiki chache za mwanzo, kunja baadaye.

Dalili: nusu ya kwanza tamu, nusu ya chini chungu

Chini ndiko kunakoishia maji, lami na joto vya nusu ya juu. Kwa hiyo kausha, punguza mwendo, pitisha waya katikati ya safari. Mara nyingine jivu lililoshindiliwa sana linafunika moto na kuusukuma pembeni. Mwaga jivu la juu, uwashe tena.

Bori refu na jembamba linaipendeza fleki, ila linamwadhibu mwenye haraka. Na hakuna sheria ya kumaliza. Pakianza uchungu, mwaga. Gramu nusu iliyobaki haina thamani ya ulimi wako.

Kisha pumzisha kiko hicho siku nzima, waya mkavu ukiwa ndani. Kiko cha braya, ule uvimbe wa mzizi wa *Erica arborea* unaotoka nchi za Mediterania, hunyonya unyevu, na usipokipa muda wa kuutoa kitakuwa kichungu kwa tumbaku yoyote.

Dalili: Virginia ina ladha ya kitu kingine

Sabuni, waridi, moshi wa kuni, vanila. Kwanza soma kopo. Baadhi ya tumbaku za Kendal, kaskazini mwa Uingereza, hutiwa manukato ya maua kwa makusudi, na hilo ni pendo la mtu na mtu. Harufu ya siki nayo si lazima iwe ubovu. McClelland ya Kansas City, iliyofunga kazi mwaka 2018, ilijulikana kwa harufu ya siki kopo linapofunguliwa, na ikipata hewa hutulia.

Kama kopo ni safi, kiko ndicho kinachosema. Latakia, tumbaku iliyokaushwa kwa moshi wa kuni, na tumbaku za vanila hukaa ndani ya ukoko kwa muda mrefu. Kwa usalama anza na hatua nyepesi: kwangua ukoko ubaki unene wa milimita moja hivi, futa bori kwa karatasi, safisha digali kwa waya uliochovywa kwenye pombe kali inayonyweka mpaka utoke mweupe. Vuta bori tatu nne za Virginia ya kawaida, usiyoijali sana.

Ikikataa, jaza bori pamba, dondoshea pombe hiyohiyo pamba ilowe, ukiacha usiku mzima. Pamba itanyonya rangi ya kahawia. Kisha acha kiko kikauke siku kadhaa. Wengine hutumia chumvi mahali pa pamba. Mimi siitumii, maana ikiingia kwenye nyufa ndogo za mti inaweza kuzipanua. Pombe iwe mbali na moto, na isiguse rangi ya nje ya kiko kwa sababu huiyeyusha. Usifanye hivi kwa gunzi wala kwa mershamu, lile jiwe jeupe linalochimbwa Eskişehir, Uturuki. Mershamu yenye tatizo apewe fundi.

Baada ya hapo, tenga kiko kimoja kwa Virginia peke yake.

Dalili: weupe juu ya fleki

Hapa watu hutupa tumbaku nzuri, na wengine huvuta mbovu. Ipeleke kwenye mwanga. Weupe unaometameta, chembechembe ngumu kama chumvi zilizosambaa juu ya fleki nzima, bila harufu mbaya, huenda ikawa ni fuwele zinazojitokeza kwenye tumbaku iliyokaa miaka mingi.

Ukungu ni mwingine kabisa. Una manyoya au utando kama wa buibui, umekaa mahali mahali, unaweza kuwa na kijani au kibuluu, na unanuka chumba kilichofungwa wakati wa mvua. Hapo hakuna cha kukata na kubakiza. Tupa yote, tupa na chombo kama hakiwezi kuchemshwa, wala usiisogeze puani kuhakikisha mara ya pili. Chanzo huwa kuifungia tumbaku ikiwa na maji mengi, au kuchota kwa vidole vilivyolowa. Usipoweza kuamua ni kipi kati ya viwili, ihesabu ni ukungu.

Dalili: sehemu moja ya bori ina joto kali, au imefanya ufa

Acha kuvuta kiko hicho papo hapo. Rangi ya nje ikianza kujaa wingu jeusi mahali pamoja, mti unaungua kutoka ndani. Bori likiwa jipya na ukoko wake bado mwembamba, Virginia iliyovutwa kwa kasi huweza kulifikisha huko kwa siku chache. Kikipoa, kwangua kidogo kwa kidole uone kama mti wa ndani ni mgumu au unamomonyoka kama mkaa. Ukimomonyoka, au ufa ukionekana kwenye digali, ni kazi ya fundi. Gundi za nyumbani zikipata moto hutoa moshi usiotakiwa kuvutwa.

Dalili: kizunguzungu, kwikwi, jasho jembamba

Hii ni nikotini. Kwikwi mara nyingi hutangulia, na anayezijua huacha hapo. Hutokea zaidi kwa tumbo tupu, kwa bori kubwa, kwa anayemeza moshi, na kwa Virginia nyeusi zilizosokotwa kama kamba, ambazo ni nzito kuliko rangi za manjano. Weka kiko chini, toka penye hewa, kaa, kunywa maji, kula kitu chenye sukari. Kwa kawaida hupita ndani ya saa moja. Siku hiyo usirudie.

*Nenda hospitali* ukitapika mfululizo, moyo ukienda mbio au kurukaruka, pumzi ikiwa nzito, au mtu akizimia au kuchanganyikiwa. Mtoto aliyemeza tumbaku, hata kidogo tu, apelekwe mara moja bila kulazimishwa kutapika, na kopo liende naye. Tumbaku ikae juu, kwenye kabati linalofungwa. Harufu yake tamu inamvuta mtoto kama peremende.

Dalili: kidonda, utando mweupe au mwekundu, uvimbe

Nilisema ulimi ulioungua uachwe upone, na hii ndiyo sababu. Ungulio la joto linapona ndani ya siku chache ukiacha kuvuta. Kidonda ambacho hakijapona ndani ya wiki mbili, utando mweupe au mwekundu usiofutika, uvimbe kwenye mdomo, shavu au shingo, ganzi, shida ya kumeza, sauti iliyokwaruza isiyorudi: acha kiko na mwone daktari wa meno au wa mdomo wiki hiyohiyo. Mwambie wazi kwamba unavuta kiko, kwa miaka mingapi, na kama unakunywa pombe, kwa sababu viwili hivyo pamoja huongeza hatari ya saratani kuliko kimoja.

Kaakaa la juu likiwa jeupe lenye vitone vyekundu, hali inayoonekana kwa wavuta kiko kutokana na joto, mara nyingi hutoweka mtu akiacha kuvuta. Hata hivyo aseme daktari, asiseme mwenzako wa kiko. Mara moja kwa mwezi, baada ya kupiga mswaki, simama mbele ya kioo penye mwanga: inua ulimi, utoe nje, ugeuze kulia na kushoto, vuta mdomo wa chini, na angalia hasa upande ule unaopenda kukishikia kiko.